Maji ya Msiba

Kengele ya kifo cha Mzee Rubeni ndiyo iliyotangulia. Iligongwa jioni, moshi wa mapishi ulipoanza kuchanganyika na ukungu, na Atupele aliyekuwa akimenya viazi aliacha kisu ndani ya beseni akasikiliza. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi nje ya kanisa, na sauti yake ikishuka mabondeni huchelewa kuisha. Akajifunga kitenge cha pili, akavaa koti la kazi lenye funguo mfukoni, akapanda mpaka kwenye tenki kuwafungulia Bondeni maji.

Hivyo ndivyo watu wa Ilembwe walivyofanya tangu mabomba yawafikie. Mwezi wa kumi chemchemi huwa imesinyaa, na maji hugawiwa: Mlimani siku yao, Bondeni siku yao. Ukifungulia pande zote mbili kwa pamoja, maji hukimbilia chini, na watu wa Mlimani hubaki na bomba linalotoa pumzi tupu. Lakini mtu akifa, mgawo husimama. Upande wa wafiwa ndio unaopata maji mpaka watakapotoka makaburini, na misiba ikiwa miwili, kengele iliyotangulia ndiyo inayohesabiwa. Jambo hili halimo katika katiba ya Jumuiya ya Watumia Maji, wala mabwana wa wilayani wanaokuja kukagua tenki hawajawahi kuambiwa. Wangeambiwa wangetaka kulijadili. Wanakijiji huyaita maji ya msiba, na huyaheshimu kwa kuwa hakuna asiyejua kwamba siku yake inakuja.

Atupele ndiye aliyekuwa meneja wa Jumuiya hiyo. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko kazi, kwa maana alikuwa na fundi mmoja tu, Gibson, na meza moja katika ofisi ya kijiji. Alifungua valvu ya Bondeni, akafunga ya kwao Mlimani, akasikiliza maji yakiteremka gizani ndani ya bomba, taratibu, kama mtu anayeongea usingizini. Kisha akarudi nyumbani kumuuguza mama mkwe wake.

Alfajiri, mama mkwe naye akafa.

*

Jua lilipopanda uwanja ulikuwa umejaa. Bibi Roda alikuwa mkunga kabla zahanati haijajengwa, na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake, basi nusu ya kijiji ikaja kumlilia. Atupele aliketi kwenye mkeka kando ya maiti, kama inavyompasa mkamwana. Alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu mgonjwa azidiwe, na watu walimjia na kumtoka kama waliokuwa ng'ambo ya ukungu: mkono baridi, shavu lenye machozi, pole mama, pole sana. Alimpenda yule bibi. Tuseme wazi, alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mama yake mzazi, na sasa kifua kilimuuma kama mtu aliyebeba mzigo usio wake.

Nje wanawake walileta kuni, ndizi na unga. Kila mmoja alipofika alikwenda kwenye bomba la uani, akalizungusha, likatoa hewa, akalifunga tena. Pumzi hiyo ya bomba ilisikika mpaka ndani.

Kabla ya saa sita akafika Rabson, kaka mkubwa wa Osward, mume wa Atupele. Rabson ana duka la vipuri Tunduma, karibu na mpaka wa Zambia, na alikuja na Probox iliyojaa ndugu pamoja na makatoni ya maji ya chupa kwa ajili ya wageni rasmi. Wageni rasmi ni kina nani hakuna aliyejua, ila chupa ya kwanza aliifungua yeye mwenyewe. Mkewe Brenda, mzaliwa wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, alilia kwa uchungu wa kweli, akanyamaza, kisha akamsogelea Atupele akimwita kwa neno la heshima la kwao.

"Mukwai, ya kunawa uso tu. Vumbi limeniganda."

"Bomba halitoi, dada. Kuna ya jana kwenye ndoo. Chota kikombe."

"Awe! Kikombe?"

Wanawake waliokaa karibu waliinamisha vichwa. Aibu ilikuwa ya nyumba nzima, lakini mwenye nyumba alikuwa amelala kimya, hivyo ikamwangukia mkamwana.

Haikupita muda Rabson akaja kuchuchumaa mlangoni. "Shemeji, pole."

"Tupoe sote, shemeji."

"Nimesikia maji yapo, ila yako kwa wenzetu."

"Mzee Rubeni alitangulia. Kengele yake iligongwa jana jioni."

"Mimi sijauliza kengele. Nauliza, mwenye funguo nani?"

"Mimi."

"Basi."

Alisema hilo basi lake kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulipa na anangoja mzigo wake. Atupele hakunyanyuka. Ndipo shangazi Fausta, wifi wa marehemu na mkubwa wa akina mama wote mle ndani, akasogeza mkeka wake.

"Mwanangu, sikufundishi kazi. Lakini huyu ndiye aliyekupokelea watoto wako. Ndiye aliyekaa nao ulipokuwa ukienda Itumba kwenye semina zenu. Leo anaoga kwa mara ya mwisho, na maji ya kumwosha hayalazwi, unajua. Huchotwa saa ile ile. Yatatoka wapi?"

"Wakishamzika mzee, nafungulia huku mara moja. Mama tutamwosha jioni, tumzike kesho."

"Jioni! Mtu amekufa alfajiri, aoshwe jioni?" Fausta alisema kwa sauti ya kutosha kufika kwa wanaume. "Rubeni alikuwa na nani? Pale kwake pana watu wa kuhesabu. Hapa pana watu wa wilaya nzima."

"Shangazi, maji ya msiba hayahesabu watu."

Rabson alimwita mdogo wake kutoka kwenye moto wa wanaume. "Osward! Njoo uzungumze na mkeo."

Osward alikuja, akasimama nusu ndani nusu nje. Ni mtu wa migomba na kahawa, maneno yake machache, na siku hiyo hata hayo machache yalikuwa yamemkauka. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama. "Mnamjua," alisema, kisha akageuka akaondoka.

"Kumbe nyumba hii anayefungua na kufunga ni mke," alisema Rabson, na wanaume wawili watatu walicheka kicheko kifupi cha msibani.

*

Mchana ulizidi kuwa mzito. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulitanda juu ya vilima, jua likawa jekundu na dogo, na nyimbo za kwaya zikaja na kwenda. Atupele alisinzia akiwa ameketi. Akamwona Bibi Roda akitembea juu ya mtaro wa bomba kuelekea msituni, peku, kanga begani, akiinama kila mahali palipo na kiungo na kutega sikio. "Linasema nini, mama?" Atupele aliuliza. Yule bibi akamkonyeza, akaendelea kupanda. Njia ilikuwa na majani mabichi ya mwezi wa pili, si ya mwezi wa kumi, na maji yalisikika kila upande, yakidondoka, yakikimbia, yakijaza kitu.

Alipofumbua macho, sauti ya maji haikukoma.

Ilitoka uani. Ilikuwa sauti nene ya bomba lililofunguliwa mpaka mwisho, na ndoo zikigongana, na wanawake wakiitana kwa furaha iliyozuiwa kwa heshima ya marehemu. Mtu alimshika mkono. "Mungu akubariki, mkamwana." Mwingine akamfunika mabega kwa kitenge. Shangazi Fausta, ambaye tangu asubuhi hakumwita jina, alimletea uji wa moto kwenye kikombe cha bati akamwambia, "Kunywa, Atupele. Umechoka." Rabson alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nilijua tu. Damu ni damu."

Na ilikuwa tamu. Kwa muda ule mfupi, uji ukimshuka kooni na wakwe zake wote wakimtazama kama mtoto wa kwao, Atupele alifurahi, na kusema hakufurahi ni kudanganya. Alitamani kulala tena hapo hapo, kichwa kwenye paja la mtu yeyote.

Lakini maji hayaji Mlimani yenyewe. Alitambaa mpaka kwenye koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango, akatia mkono mfukoni. Funguo hazikuwamo. Na Gibson alikuwa juu kwenye chanzo tangu asubuhi, akitoa majani kwenye chujio. Atupele akaweka kikombe chini, akasimama. Mkamwana haondoki kwenye mkeka maiti ikiwa ndani, na wanawake walipomwona anavaa kandambili waligeuka kumtazama mmoja baada ya mwingine.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Fausta.

"Narudi, shangazi."

*

Osward alikuwa ameketi juu ya mfuniko wa chemba, chini ya tenki, funguo mkononi. Ukungu wa moshi ulikuwa umeshuka mpaka pale, na kwa mbali alionekana kama mtu aliyechorwa kwa mkaa. Hakujificha. Huenda alikuwa akimngoja.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza Atupele.

"Tangu uliposinzia."

"Osward, wale watu wana maiti."

"Na mimi nina maiti." Aliinua uso, na mkewe akaona amelia sana, peke yake, mahali pasipo na mtu wa kumwambia pole. "Jana jioni aliniomba maji. Akasema si hayo ya ndoo, nipe ya bombani, ya baridi. Nikaenda bombani, hewa. Ulikuwa umeshafunga. Nikampa ya ndoo, akanitazama tu. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu."

Atupele hakujua jambo hili. Alishika ukuta wa tenki uliokuwa na ubaridi na unyevu. Alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumpiga. Mwishoni alifanya lile lililo katika kazi yake: alinyoosha mkono, Osward akampa funguo, akasogea, na mkewe akapiga magoti akafunga valvu ya Mlimani na kufungua ya Bondeni. Chuma kilikuwa kigumu. Osward alimsaidia kuzungusha, bila kuombwa, mpaka maji yakanguruma tena kuelekea chini.

"Yamerudi," alisema Osward. "Tuseme bomba liliziba. Gibson yuko juu, watadhani ni yeye anasafisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kesho kengele ikigongwa, nikisimama kuwaambia watu zamu ni ya nani, nitawaambia kwa mdomo upi?"

"Basi utawaambia ni mimi?"

Atupele alijifuta mikono kwenye kitenge.  Alianza kuteremka njia ya Bondeni, na mumewe akamfuata kwa mbali, kama mtu anayekwenda zake kwingine kabisa.

*

Nyumbani kwa Mzee Rubeni kulikuwa na watu wachache kweli. Kulikuwa na turubai moja, sufuria moja kubwa motoni, na wimbo ulioimbwa kwa sauti za chini. Bomba lao lilikuwa limeanza kutema maji, lakini hakuna aliyelikimbilia. Ruti, mkwe wa nyumba hiyo, alikuwa akianika kanga zilizolowa kwenye ua, na kanga hizo zilikuwa na rangi ya udongo. Atupele aliziona akajua kabla hajaambiwa.

Jonasi, mwana wa marehemu, alimpokea amesimama. "Karibu, meneja. Tumesikia na wewe umefiwa. Pole."

"Nawe pole. Nimekuja kuwaambia kuhusu maji."

"Tumeyaona, yamerudi. Ahsante." Alitazama bomba. "Ila baba tumekwisha kumwosha. Tulingoja, tukangoja. Mchungaji ana safari, hawezi kungoja. Wanawake wakateremka kijitoni."

Kijito cha mwezi wa kumi ni madimbwi tu, na ng'ombe wa kijiji kizima hunywa humo. Jonasi hakuyasema hayo. Hakukuwa na haja.

"Bomba halikuharibika," alisema Atupele. "Valvu ilifungwa. Maji yalipelekwa kwetu, kwenye msiba wetu, na zamu ilikuwa yenu. Ndilo nililokuja kusema."

Wimbo chini ya turubai ulififia wenyewe. Ruti aliacha kanga aliyoishika.

"Nani alifunga?" aliuliza Jonasi.

Nyuma ya ua wa majani ya mabingobingo, Osward alikuwa amesimama, akisikia kila kitu. Hakutokeza.

"Funguo ni zangu," alisema Atupele. "Mwenye dhamana ni mimi."

 Jonasi alizungumza kama anamwambia mtu mwingine, aliyeko mbali. "Barabara ilipokatika mwaka ule wa mradi wa maji, baba alibeba mabomba begani. Bega lake la kulia lilikuwa na kovu. Leo nimeliosha kwa tope." Kisha akamtazama. "Nenda ukamlilie mama yako, meneja. Sina la kukujibu."

Angemtukana ingekuwa rahisi zaidi. Atupele alirudi Mlimani akilia kwa sauti, na waliokutana naye njiani walidhani anamlilia mkwewe. Hawakukosea sana.

*

Huku nyumbani kila kitu kilikuwa tayari. Ndoo zilipangwa mlangoni, zimejaa maji meupe hadi ukingoni. Sabuni mpya ilikuwa juu ya sahani, na Fausta alikuwa amejikunja mikono ya nguo.

"Tulikungoja wewe tu," alisema. "Ingia umwoshe mama."

"Siyo kwa maji haya."

"Yana nini?"

"Ni ya Mzee Rubeni. Yeye ameoshwa kwa maji ya kijitoni kwa sababu yetu. Haya yapelekwe Bondeni, wakapikie wageni wao. Mama ataoshwa kama alivyooshwa mwenzake."

Zogo lililozuka hapo lilikuwa la watu wengi kwa wakati mmoja. Kwamba amepagawa. Kwamba cheo kimempanda kichwani. "Mama yetu aoshwe maji ya ng'ombe?" alipiga kelele Fausta, machozi yakimtoka. Rabson alipita katikati ya wanawake, jambo ambalo mwanamume hafanyi, akasimama mbele ya Atupele, akamnyooshea kidole.

"Unaweza kusema hivyo kwa sababu huyu siyo mama yako!"

 Kauli hiyo ndiyo iliyomvunja Atupele. Aliketi chini kwenye vumbi, mgongo mlangoni, mbele ya ndoo, hakuingia wala hakuondoka. Uwanja mzima ulimzunguka na kumtazama, na kwake ukawa tena ng'ambo ya ukungu, midomo ikisogea bila sauti. Alifikiri: watanifukuza. Alifikiri: na waniache nimwone uso kwanza.

Kisha watu wa upande wa njia wakageuka kutazama, na wengine wakafuata.

Osward alikuwa akipanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani. Mwanamume wa Ilembwe akilazimika kubeba maji hutumia baiskeli, au huning'iniza madumu kwenye mti begani. Kichwani habebi, seuze mbele ya kaka yake na mashemeji wa Tunduma na waumini wa makanisa matatu. Hakujua hata kuisawazisha. Maji ya udongo yalimwagikia shati lake jeupe la msibani kwa kila hatua, yakamchirizika usoni, na mtu mmoja nyuma alianza kucheka kisha akaacha.

Alifika mlangoni, akaitua. Ilikuwa imebaki nusu.

"Nimefungua mimi," alisema, akihema. "Yeye alikuwa amelala. Alipoamka akaja akafunga. Bondeni nimekwisha kuwaambia." Alimgeukia Rabson. "Kaka, usimwambie tena lile neno. Nitakukosea adabu."

 Rabson alitazama ndoo ya tope, akatazama shati la mdogo wake, akaenda kuketi ndani ya gari lake na kufunga mlango. Brenda ndiye aliyeanza. Alijitwisha moja ya zile ndoo za maji meupe, akaulizia njia ya Bondeni, na wanawake wengine wakajitwisha zilizobaki wakamfuata, wakishuka katika moshi mwekundu wa jioni mpaka hawakuonekana.

Fausta alibaki. Alikaa muda mrefu akiwa ameinamia ndoo ya Osward, akingoja tope litulie, na hakumtazama mtu. Alikuwa bado na hasira, na hasira hiyo ingemchukua mwaka. Hata hivyo alifungua kanga yake ya juu, iliyo mpya, akaikunja mara mbili akaitandika mdomoni mwa beseni.

"Shika huku," alimwambia Atupele. "Tuyachuje."

Atupele alisimama, akashika pindo. Maji yalipita polepole, yakaacha udongo na kijani cha mto kwenye kitambaa, yakatoka si meupe wala si machafu, yana rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Walingoja mpaka tone la mwisho. Kisha wakaingia ndani wawili hao, wakafunga mlango, na Fausta akampisha mkamwana upande wa kichwani.

Atupele alichovya kitambaa, akakikamua, akaanza na uso.